Bi Siwema Akataa Kusamehewa

Ramani zinazouzwa madukani hazina nchi ya Poleni, na Bi Siwema Shomari alifika huko bila kununua hata moja. Asiyeamini na abaki na ramani yake. Bibi huyu alitoka kwake Ngamiani, mjini Tanga, na mkoba wake, kanga doti moja ya akiba na shida moja, akafika na vyote salama. Habari za njiani tuziache. Vumbi ni vumbi kila nchi, na sisi tuna mambo ya kuzungumza.

Kwanza ile shida yenyewe, maana mtu mzima hafungi nyumba yake hivi hivi.

Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa nyumba ya watu. Ikishapita alasiri, akinamama wa mtaa walijipitisha pale mmoja mmoja, kila mmoja akidai yuko njiani kwenda kwingine, mpaka ndala zinajaa mlangoni huna pa kukanyaga. Kahawa ipo, visheti vipo, na habari zipo, tena za moto: nani kaposwa, nani kaposwa akamkataa mtu mbele ya washenga, nani kanunua kabati kubwa kuliko mlango wake. Msimuliaji ni Bi Siwema mwenyewe. Akisimulia harusi, hata waliokuwa harusini walikuja kusikiliza wapate kujua kilichotokea.

Dada yake mkubwa, Kazija, alikaa chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo, ukuta mmoja na ukumbi. Kazija hakuwa msimuliaji. Kazija alikuwa msahihishaji. Siwema akisema watu walikuwa mia tatu, ukuta unagongwa kwa pete, ngo ngo ngo, na sauti inapenya: "Mia na hamsini, na watoto umewahesabu." Watu wanacheka, hadithi inaendelea. Ndivyo madada wale walivyozeeka.

Mpaka siku ya hadithi ya mzee. Kulikuwa na harusi, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, amechoka na safari, akaambiwa akapumzike chumba kile pale. Akaingia chumba sicho, akajilaza kwenye kitanda cha bibi harusi, akajifunika shuka gubigubi. Wanawake wakaja na asumini zao na nyimbo zao, wakajua ni mwali tayari kalazwa. Mmoja wao akapiga magoti, akaanza kuipaka ile miguu mafuta ya sandali. Bi Siwema aliisimulia hadithi hii kama mpakaji ni yeye. "Nikapapasa kidole gumba," alisema, "nikajiuliza, bibi harusi gani huyu mwenye ukucha wa kasa?" Akinamama walicheka hata mmoja akapaliwa na kisheti.

Siku hiyo ukuta haukugongwa. Kazija alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni. "Huyu hakuwepo," alisema. "Aliyempaka yule mzee ni mimi." Akarudi ndani, akafunga.

Basi ikawa hawasemi. Salamu zilipitia kwa majirani, chumvi ilipitia kwa majirani, hata "mwambie dada yako mvua inanyesha na nguo ziko nje" ilipitia kwa majirani. Masika ikaingia, Kazija akashikwa na homa, akafariki kabla hajapatikana wa kuanza kumsemesha mwenzake.

Arobaini ilipopita, akinamama wakarudi. Bi Siwema akafungua hadithi ndogo tu, ya kupasha mdomo moto, na alipofika pale penye utamu, ukuta ukagongwa. Ngo ngo ngo. Chumba cha pili kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Bi Siwema, kwenye pindo la kanga. Siku ya kwanza walisema panya. Siku zilizofuata kila mtu alikumbuka maharage yake yako jikoni. Haukupita muda nyumba ya watu ikawa nyumba ya mtu, na kwa Bi Siwema hicho kilikuwa kifo cha pili mle ndani.

Alikwenda kwa mganga. Mganga alimtaja jini, kabila lake na jogoo anayemtaka, kabla Bi Siwema hajamaliza kutaja jina la dada yake. Alikwenda kwa daktari. Daktari alimweleza kwamba sikio la mfiwa hujitengenezea sauti, akampa vidonge vya usingizi. "Na nikilala mchana," aliuliza Bi Siwema, "wageni atawapokea nani?" Ndipo aliposikia habari za Poleni, nchi iliyobobea katika kuwasuluhisha watu na marehemu wao. Walisema hakuna aliyekwenda kule akarudi bila kusamehewa.

Mpokea wageni wa nchi ile aliitwa Bwana Taratibu, mwanamume mpana mwenye sauti ya kubembelezea mtoto.

"Pole, mama," alisema.

"Mbona sijasema kitu bado?"

"Ndiyo maana tunaanza mapema."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezungushwa nyuzi nyeupe kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alieleza kwamba kila uzi ni msamaha mmoja. Marehemu akishakusamehe unafungwa uzi, na ukihisi umelegea unarudi kusamehewa tena. Nyuzi zake zote zilikuwa za baba yake.

"Ehe," Bi Siwema akamsogelea, maana hapo kidogo alijisikia nyumbani. "Ulimkosea nini mzee?"

Bwana Taratibu alitazama huku na huku kama mtu aliyevuliwa msuli barabarani. "Mama, hapa kwetu swali hilo haliulizwi."

Wakitembea kuelekea mjini alimpa historia. Zamani, alisema, marehemu wa Poleni walikuwa wakisema watakalo. Mtu akija na majonzi, au na kishindo darini, au na ndoto isiyomwacha, aliwekewa viti viwili, kimoja chake na kimoja cha marehemu, na kati yao alikaa Mfasiri wa Kiti, kazi yake kusema kile kiti kitupu kinasema nini.

"Ilikuwa fujo, mama. Kuna mama mkwe mmoja alikaa kitini akaukosoa mchuzi wa mkaza mwanawe toka msimu wa maembe mpaka msimu wa machungwa. Kuna baba mwingine alitaja watoto ambao mkewe hakuwa na habari nao. Mtaa mzima wakapigana. Serikali ikakaa, ikapitisha sheria: marehemu akiitwa kitini, atasamehe. Toka hapo nchi imetulia."

"Na marehemu wenyewe walikubali?"

"Sheria ilisomwa mbele ya viti vyote. Hakuna kiti kilichopinga."

Nchi kweli ilikuwa imetulia. Bi Siwema aliketi kwenye banda la chai, akasubiri kwa hamu mtu aseme jambo juu ya mtu, na hakuna aliyesema. Walikunywa mchaichai, wakaulizana hali, wakajibu ni njema. Lakini macho yao yalikuwa mekundu, na muuza chai alipiga miayo juu ya sufuria hata mvuke ukayumba.

"Baba, hamlali nchi hii?"

"Tumesamehewa, mama," muuza chai akajibu, kisha akapiga mwayo mwingine.

Poleni ilikuwa na vyama viwili, na vilitawala kwa kupokezana. Cha kwanza ni Chama cha Yupo, kilichoongozwa na Mama Njozi, bibi mrefu aliyefumba macho kila alipozungumza, maneno yasije yakachanganyika na vitu anavyoviona. Cha pili ni Chama cha Hayupo, na kiongozi wake ni Bwana Kadirio, aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso, endapo ya kwanza ingekosea.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya unyoya. Juu ya kila kiti cha marehemu ulining'inizwa unyoya wa njiwa kwa uzi mwembamba. Unyoya ukitikisika, Hayupo hufunga dirisha. Ukiendelea kutikisika, huubadilisha. Na usipotikisika, Yupo husema marehemu huyu alikuwa mtu mpole. Walikuwa wamebishana hivyo tangu enzi za babu zao, kwa hotuba nzuri ambazo watoto hukariri shuleni, na hakuna upande uliowahi kupoteza.

Jambo moja tu waliliafiki: aliye hai asiseme. Mama Njozi alisema maneno ya walio hai yanaitibua sauti ya marehemu. Bwana Kadirio alisema maneno ya walio hai hayapimiki, tena aliye hai ana upande. Kwa hiyo mtu aliyevuka milima kuja kutibiwa moyo wake alitaja jina lake, akataja la marehemu, akafunga mdomo. Ukimwambia Bi Siwema afunge mdomo, ni kama kumwambia kuku aingie ndani aache kupekua. Lakini ugeni ni adabu, akakubali.

Siku ya zamu yake alikaa kwenye benchi la Ukumbi wa Viti nyuma ya mjane mmoja mwenye kovu lililokata nyusi. Mjane aliitwa, akataja majina, akanyamaza. Mfasiri aliyekuwa zamu, mwanamke wa makamo aitwaye Tulizo, aliinamisha sikio kwenye kiti kitupu.

"Marehemu mumeo anasema amekusamehe."

Mjane aliinua uso. "Kwa lipi?" aliuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

Bi Tulizo alilitazama lile kovu, akafungua mdomo, na kengele ya kumaliza zamu ikagongwa. Mjane alifungwa uzi, akatoka akiutazama mkono wake kama aliyevishwa kiatu cha mtu mwingine. Hakwenda mbali. Alikaa benchi la nyuma.

Zamu ya Bi Siwema ikafika.

"Siwema Shomari," akasema. "Marehemu ni dada yangu, Kazija Shomari." Akanyamaza, akamwomba Mungu ampe nguvu za kunyamaza.

Bi Tulizo aliinamisha sikio. Unyoya ulitulia. "Marehemu dada yako anasema amekusamehe kwa moyo mweupe, na anakuombea utulivu."

"Nani?"

"Marehemu, mama."

"Kazija?"

"Ndiye."

Bi Siwema alikitazama kile kiti, akamtazama Bi Tulizo, akakitazama tena kiti. "Mwanangu," alisema, "huyo uliyempata siye. Umempata wa watu wengine."

Karani wa ukumbi alikuwa ameshaishika kengele, lakini hakuigonga, kwa kuwa hakujua jambo kama hilo hugongewaje.

"Kazija mimi nimekaa naye miaka yote," aliendelea Bi Siwema. "Alikuwa na kinyongo na mwalimu aliyemchapa akiwa darasa la pili. Mwalimu akafa, akaenda mazikoni, akarudi nacho. Leo anisamehe mimi, kwa moyo mweupe, asubuhi asubuhi? Nisamehe, lakini huyo mrudishe alikotoka. Kwao watakuwa wanamtafuta."

Bwana Taratibu, aliyekuwa amesimama kando, alijikuta amekaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, akaruka kama aliyekalia jiko. Katika historia ya Poleni watu walikuwa wamekata rufaa juu ya mipaka, mifugo na mahari. Hapakuwa na aliyewahi kukata rufaa dhidi ya msamaha.

Shauri lilisikilizwa kesho yake, na ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wasiolala husogea haraka penye jambo. Bi Siwema alipoona umati ule moyo wake ulitulia kidogo, kwa kuwa tangu Kazija afe hakuwa amekaa mahali penye watu wengi hivyo.

Bwana Kadirio alianza. "Marehemu hayupo," alisema. "Na asiyekuwepo hawezi kuwa mwingine. Bibi huyu amesamehewa na asiyekuwepo, kama sisi sote. Aridhike."

"Yupo," alisema Mama Njozi, macho yamefumbwa, "na hilo ndilo linalonitia hofu. Ikiwa aliyekuja jana si dada yake, basi ni ndugu wa mtu fulani ambaye mpaka sasa hajasamehewa, na msamaha wake umekwenda Tanga."

Ukumbi ukanong'ona. Watu walianza kutazama nyuzi mikononi mwao, kila mmoja akijiuliza huu ni wangu au wa nani.

"Bibi amejuaje kuwa siye?" akauliza Bwana Kadirio.

"Kwa maneno yake," alisema Bi Siwema. "Kazija hasemi 'utulivu.' Hilo neno hakuwa nalo mdomoni, na hakuwa nalo nyumbani."

Vyama viwili viliinamisha vichwa pamoja, wakashauriana kwa muda mrefu. Sheria ilikataza aliye hai asiseme lake. Lakini haikukataza aliye hai kutoa mfano wa sauti, ili sauti ya kitini ilinganishwe nayo, kama mtu anavyokwenda dukani na kipande cha kitambaa. Wakaafikiana. Bi Siwema aeleze marehemu alizungumza vipi. Mfano tu, si zaidi.

"Mfano tu," alikubali Bi Siwema, akasimama, akajifunga kanga kiunoni, na kila mwanamke aliyekuwa mle ndani, japo hakuwahi kumwona, alijua kwamba mtu huyu sasa amefika kazini.

Aliwapa kwanza ile harusi. Aliwapa mzee na shuka lake, asumini, nyimbo, mafuta, ukucha wa kasa. Watu wa Poleni, ambao hawakuwa wamesikia umbea tangu sheria ipite, walijikaza kwanza. Kisha muuza chai akaguna, na mtu wa madirishani akacheka, na ukumbi wote ukaporomoka. Hapo Bi Siwema akageuka. Mkono kiunoni, kidevu juu, sauti ikapanda puani.

"Huyu hakuwepo. Aliyempaka yule mzee ni mimi."

Akageuka tena, akawa Siwema. Mpaka hapo ilikuwa kama ilivyotokea. Alitaka kuishia hapo, maana siku ile Kazija alirudi chumbani na mambo yakaishia hapo kweli. Lakini mdomo wa msimuliaji ukishapata mwendo hauulizi njia.

"Ingekupunguzia nini, dada?" alisema kwa sauti yake. "Hadithi moja tu."

"Wewe unazo ngapi?" akajibu Kazija. "Za mtaa mzima. Za Chumbageni unazo, za Makorora unazo, za watu wasiokujua unazo. Mimi nilikuwa na moja. Ndiyo hiyo."

Bi Siwema alikuwa ameigiza sauti za watu tangu ana meno ya utoto, na hakuwahi hata siku moja kujibiwa jambo ambalo hakulijua.

"Ungeniambia," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe unanyamaza saa ngapi?"

Kicheko kilipita ukumbini, Bi Siwema naye yumo, ingawa machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Haya, basi. Nisamehe, dada yangu."

"Thubutu," alisema Kazija. "Nikikusamehe tutazungumza nini? Na bado umeikosea. Mzee hakuwa amelala. Nilipofika kwenye kile kidole alifunua shuka kidogo, akanikonyeza."

Bi Siwema alibaki ameshika kiuno. Hilo la kukonyeza hakulisikia kwa Kazija, hakulisikia kwa mtu yeyote, na ukimuuliza leo kama alilitunga yeye atakwambia hajui, na Bi Siwema hasemi hajui kwa jambo dogo.

Bi Tulizo alikuwa ameondoka kwenye kigoda chake bila kujijua, yuko hatua moja mbele ya mgeni. Miaka mingi aliyoinamisha sikio kwenye viti hakuwa amesikia hata kikohozi, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Alikukonyeza?" aliuliza. "Kisha ikawaje?"

Hapo ndipo mtu alipopaza sauti kwamba unyoya unazunguka. Na kweli ulizunguka, mbio, kama umepandwa na kichaa.

"Dirisha," alisema Bwana Kadirio, akashusha miwani ya pili machoni. "Ni pumzi za kicheko."

"Ni yeye," alisema Mama Njozi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya siasa alifumbua macho.

Ngazi ikaletwa. Hayupo walipanda upande mmoja, Yupo upande wa pili, karani akaenda kushika ngazi na kengele akaiacha sakafuni. Wote wanaojua walikuwa juu wakiutazama unyoya. Chini hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha mtu.

Yule mjane mwenye kovu aliinuka kwenye benchi la nyuma, akaja mpaka kwenye kile kiti kitupu. "Wangu mimi," alisema, "sikuja kusamehewa naye. Nilikuja nisikie akiniomba."

Bi Tulizo hakuinamisha sikio. Alivuta kigoda chake akakigeuza, kikakipa kiti mgongo, akakaa uso kwa uso na mjane. "Sema, mama," alimwambia. "Nakusikiliza wewe."

Bwana Taratibu alimvuta Bi Siwema pembeni. Alikuwa akiuchezea uzi wa kwanza kabisa, ule wa kiganjani uliokwisha kuwa wa kijivu.

"Nilimzimia baba redio," alisema. "Mpira ulikuwa dakika za mwisho. Nilikuwa nimechoka na kelele."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Washa.'"

Bi Siwema alisubiri.

"Sikuwasha," alisema Bwana Taratibu.

"Na nani alishinda?"

Bwana mpana yule alimtazama kwa mshangao, kana kwamba mlango ambao amekuwa akiusukuma miaka yote ulikuwa wa kuvuta. "Sijui," alisema. "Sikuwahi kuuliza." Na akaanza kulia, kwa sauti yake ileile ya kubembeleza, na Bi Siwema akamshika mkono kwenye zile nyuzi, akamwacha alie, asimwambie pole.

Uamuzi wa rufaa ulisomwa na karani akiwa bado kwenye ngazi. Msamaha wa Siwema Shomari umesitishwa mpaka suala la unyoya litakapoeleweka. Kwa hiyo, kwa sasa, mlalamikaji hajasamehewa. Alipoulizwa kama ameridhika na uamuzi huo, Bi Siwema alisema, sana.

Alipofika Ngamiani hakutangaza kuwa amerudi. Hakukuwa na haja. Mwanamke anayetoka nchi ambayo kila mtu husamehewa, akarudi bila kusamehewa, habari zake humtangulia. Ndala zilijaa mlangoni kabla hajafungua mkoba. Aliwasimulia Poleni yote, na alipofika penye utamu, ukuta ukagongwa, ngo ngo ngo.

Visheti vilisimama njiani kuelekea midomoni. Mmoja, jirani aitwaye Mgeni, alianza kusema maharage.

"Kaa chini, Mgeni," Bi Siwema alimwambia, kisha akaugeukia ukuta. "Ngoja nimalize, dada, ndiyo useme." Akamaliza. Kisha akaweka mkono kiunoni, akapandisha kidevu, akawapa masahihisho ya Kazija, moja baada ya jingine, makali, na baadhi yake yalimshangaza mwenyewe. Wakacheka mpaka wa nyumba ya pili akaja kuuliza kuna nini, akakaa.

Baadaye, kahawa ilipopoa, Mgeni aliuliza lile lililokuwa midomoni mwa wote. "Bi Siwema, tuambie kweli. Huyo anayegonga, yupo au hayupo?"

"Kuna watu wako kwenye ngazi wanalishughulikia hilo," alisema Bi Siwema. "Wakishuka nitawaambieni."

"Lakini umepona?"

Alifikiri kwanza, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Nilikwenda nina msiba," alisema, "nimerudi nina ugomvi. Na msiba, mwenzangu, unatosha kwa mtu mmoja. Ugomvi lazima muwe wawili."